Waya Uliofungwa na Aabo

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Ikra alikuwa na kazi moja asiyoikosa. Alikusanya madumu ambayo zamani yalikuwa ya mafuta ya kupikia, akayapanga chini ya mfereji nyuma ya nyumba yao mtaani West Indies, mjini Eldoret, akayajaza maji hadi shingoni. Kisha aliyabeba moja moja na kuyapakia nyuma ya pikapu nyeupe iliyoegeshwa kando ya ukuta. Maji hayo hayakuwa ya kunywa wala ya kuoshea vyombo. Yalikuwa ya gari. Tangu Januari ianze, pikapu ile ilikuwa ikinywa maji mengi kuliko watu wote wa nyumba hiyo.

Pikapu ilikuwa ya baba yake, Aden, ambaye Ikra alimwita Aabo kama watoto wengi wa Kisomali wanavyowaita baba zao. Kwa miaka mingi Aabo alichukua sukari, unga na sabuni kutoka kwa wauzaji wa jumla mjini Eldoret, akavipeleka kwenye maduka madogo ya barabara ya kwenda Plateau, na kurudi na magunia ya viazi. Watu wa njia ile walijua mlio wa gari lake. Wakati wa baridi, mwaka uliopita, aliondoka nyumbani alfajiri akiwa mzima, akarudi adhuhuri akishika kifua, na kesho yake kabla ya magharibi alikuwa amezikwa.

Mama yake Ikra, Zeinab, alikaa eda ndani ya nyumba. Pikapu nayo ilikaa uani bila kuguswa, vumbi likijaa juu ya kioo, na Ikra aliona kama gari nalo lilikuwa limekaa eda.

Eda ilipoisha, Zeinab alichukua funguo. Kuendesha alifundishwa na Aabo mwenyewe, kwenye uwanja mmoja mkavu nje ya mji, Ikra akiwa katikati yao akicheka kila gari liliporuka kama mbuzi. Wenye maduka walimpokea vizuri na kumpa oda zao. Lakini aliweka sharti moja: kila kitu ndani ya gari kibaki kama Aabo alivyokiacha. Kofia yake ilibaki juu ya dashibodi. Tasbihi yake ilibaki ikining'inia kwenye kioo. Hata vijana wanaoosha magari waliambiwa waoshe nje tu, wala wasifungue kitu.

Sasa gari lilikuwa linachemsha. Kwenye tambarare lilikwenda bila taabu, lakini likipakiwa mzigo na kuanza kupanda, mshale wa joto ulipanda nalo. Zeinab alilazimika kusimama kando ya barabara, kungoja, kuongeza maji, na kuendelea. Siku nyingine alisimama mara nyingi hadi wenye maduka wakafunga kabla hajafika.

Shuleni habari hizo zilifika mapema.

"Ikra," Oluoch aliuliza Ijumaa hiyo wakati wa mapumziko, akijifanya ana kiu, "leo chai ni ya rangi ama ya maziwa?"

Wavulana waliokuwa naye walianza kucheka.

"Baba aliona mama yako pale kwa mlima," Oluoch aliendelea. "Anasema mvuke ulikuwa mwingi mpaka akatafuta kikombe."

Ikra alitazama viatu vyake. Aliyejibu ni Linet, rafiki yake aliyekaa naye dawati moja.

"Wewe Oluoch, baiskeli yako inasimamishwa na ukuta. Nunua breki kwanza, ndio uje kuongea mambo ya magari."

Kicheko kilimgeukia Oluoch, lakini Ikra hakucheka. Alikuwa akifikiria mlima ule na mama yake amesimama peke yake kando ya barabara, ameshika dumu.

Jioni hiyo pikapu haikurudi yenyewe. Ilivutwa kwa kamba na lori la viazi, mzigo wote ukiwa bado nyuma. Zeinab alishuka, mtandio umejaa vumbi, akamshukuru dereva wa lori, akaingia ndani. Nyuma yake aliingia Adeer Bilal, yaani ami yake, mdogo wake Aabo, ambaye alikuwa na duka la vitambaa mjini. Alikuwa amepigiwa simu aje.

Ikra alileta chai na kukaa karibu na mlango.

"Mama Ikra," Adeer Bilal alianza kwa sauti ya chini, "sikiliza. Sina haraka ya kuuza kitu cha ndugu yangu. Lakini yule mtu wa vipuri, anayenunua magari mabovu, ameniuliza tena. Anaichukua ilivyo, inachemsha ama haichemshi. Jumapili mchana atakuja kuiangalia."

"Anataka aifanye nini?"

Adeer Bilal aligeuza kikombe mkononi. "Ataifungua. Atauza vipande."

Ikra aliwaza milango ya pikapu ikiwa kwenye gari la mtu mwingine, na usukani ule aliokuwa akiushika akiwa amekaa mapajani mwa Aabo ukining'inia kwenye banda la vipuri.

"Na kazi?" Zeinab aliuliza hatimaye. "Wale wenye maduka wananitegemea. Nitabeba unga kwa kichwa?"

"Tutafikiria. Lakini barabara ile haina huruma. Ukikwama kule juu na giza liingie, nitamwambia nini Aden?"

"Fundi anasema huenda ni hedi, kile kichwa cha injini," Zeinab alisema. "Pesa za hedi sina. Nipe kesho. Nitapeleka gari kwake aliangalie vizuri. Jumapili asubuhi nikishindwa kufika Plateau na mzigo huu, mwite mtu wako."

"Nitakuja nikae nawe ndani ya gari," alisema Adeer Bilal, akanyanyuka.

Jumamosi asubuhi, gari likiwa limepoa kabisa, Zeinab na Ikra waliliendesha polepole hadi karakana ya Fundi Kimutai. Karakana yenyewe ilikuwa uwanja uliozungushiwa mabati, wenye harufu ya oili na petroli. Kimutai alikuwa amemtengenezea Aabo gari tangu lilipokuwa jipya. Alifuta mikono kwa kitambaa, akamsalimu Zeinab kwa heshima, kisha akamtazama Ikra.

"Wewe ndiye mjaza maji? Mama yako amenieleza. Basi leo utanisaidia kutazama. Jambo la kwanza: kifuniko cha rejeta, pale unapojazia maji, hakifunguliwi injini ikiwa moto. Hata kama una haraka. Maji yale hutoka kama yamefyatuliwa. Nina mwenzangu aliyeungua uso hivyo."

"Aabo aliniambia pia," Ikra alisema. "Alisema ningoje mpaka naweza kuweka kiganja juu ya boneti bila kukitoa."

"Ndivyo hasa." Kimutai alifungua boneti. "Sasa watu hupenda kuanza na kitu ghali. Gari inachemsha, wanakimbilia injini. Mimi naanza na visivyogharimu kitu. Kuangalia hakuna bei."

Alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakipangusa, akakichovya tena na kumwonyesha Ikra. "Rangi gani?"

"Nyeusi kidogo."

"Ingekuwa kama chai ya maziwa, maji yangekuwa yameingia kwenye oili, na hapo hedi ingekuwa na shida. Hii ni safi. Mama Ikra, nilikutisha bure nikisema ni hedi. Nilikisia kwa simu, na kukisia kwa simu si kazi."

Zeinab alishusha pumzi. Kimutai alijaza rejeta maji, akafunga kifuniko, akawasha injini. Walichuchumaa wote watatu kutazama chini. Hakuna tone lililoanguka. Maji hayakuwa yakivuja; yalipotea kwa kuchemka tu. Feni ilizunguka kwa nguvu. Injini ilipopata joto, Kimutai aligusa mpira wa juu unaoingiza maji kwenye rejeta, kisha mpira wa chini unaoyatoa, akitumia kitambaa.

"Yote miwili ni moto," alisema. "Maana yake maji yanazunguka. Pampu ni nzima. Lakini yanaingia moto na kutoka moto. Rejeta haiyapozi. Joto linakataa kutoka."

"Kwa nini?" Ikra aliuliza.

"Sijui bado. Huenda rejeta imeziba ndani. Huenda imejaa uchafu mbele." Alizunguka hadi mbele ya gari na kuinama. Wavu wa mbele ulikuwa umefungwa kwa waya mwembamba, kwa sababu vibanio vyake vilikatika zamani. Kimutai alichukua plaisi. "Ngoja nitoe huu wavu."

"Usikate waya huo," Zeinab alisema.

Alisema kwa upole, lakini mkono wa Kimutai ulisimama.

"Aliufunga mwenyewe," Zeinab aliongeza.

Kimutai alielewa. Alirudisha plaisi mfukoni. Alijaribu kuchungulia kupitia matundu ya wavu, lakini kilichoonekana ndani kilikuwa cheusi kitupu, kama rejeta yoyote nzee. "Basi njia iliyobaki ni kuitoa rejeta yote kwa upande wa injini na kuipeleka kwa wanaosafisha," alisema. "Hao hawafungui mpaka Jumatatu, na si bei ya maandazi. Mama Ikra, fikiria. Nitapitia kwenu mchana nijue umeamua nini."

Walirudi nyumbani. Jumatatu ilikuwa mbali sana. Mtu wa vipuri angekuja Jumapili.

Linet alimkuta Ikra ameketi kwenye kizingiti, akiitazama pikapu. Alikuwa na njugu zilizofungwa kwenye kipande cha gazeti, akamgawia.

"Nyanyangu kule Chepsaita alikuwa na ng'ombe anakohoa," Linet alisema akitafuna. "Watu walitaka kumuuza kwa buchari. Nyanya akasema, ngoja kwanza, mfungueni mdomo. Kumbe alikuwa amekwamwa na gunzi la mahindi kooni."

"Gari si ng'ombe."

"Najua. Nakuambia tu."

Njugu zilipokwisha, Linet alikung'uta karatasi, na upepo ukaipokonya. Iliruka uani, ikagonga wavu wa dirisha, ikanata pale. Ikra aliitazama. Karatasi ilitetemeka lakini haikuanguka, kwa sababu hewa ilikuwa ikipita kwenye wavu na kuivuta.

Akakumbuka.

Alikuwa mdogo, labda darasa la kwanza. Aabo alikuwa akimpa karatasi na kumwambia ailete mbele ya gari injini ikiwa inanguruma. Karatasi ilirukia kwenye wavu na kunata kama imegundishwa, naye akapiga makofi. Yeye aliuona ni mchezo. Aabo alicheka naye, lakini macho yake yalikuwa kwenye karatasi. "Gari linavuta pumzi vizuri," alisema kila mara, kisha akafunga boneti na kwenda kazini.

Ikra alisimama. "Linet, niletee hiyo karatasi. Hooyo!" alimwita mama yake. "Tafadhali, washa gari."

Zeinab alitoka akiwa na unga mikononi. Alitaka kuuliza, lakini alipoona uso wa binti yake aliosha mikono na kwenda kuwasha.

Ikra alisimama mbele ya pikapu, mbali na feni, akaipeleka karatasi juu ya wavu. Karatasi ilimchomoka vidoleni na kunata. Aliitoa, akaishusha hadi katikati. Ilinata kidogo, ikilegea. Akaishusha chini zaidi, karibu na bampa. Karatasi ilianguka miguuni mwake. Aliiokota, akajaribu kulia, akajaribu kushoto. Ikaanguka tena, na tena.

"Hooyo, njoo uone. Huku chini gari halivuti pumzi."

Zeinab aliacha injini ikinguruma, akaja, akaichukua karatasi. Alijaribu mwenyewe, juu na chini, taratibu, kama mtu anayepima joto la mtoto. Kisha alizima gari na kurudi kusimama mbele ya wavu. Linet alijua hapo si mahali pake, akaenda kukaa kwenye kizingiti.

"Kuna kitu ndani," Ikra alisema.

"Ndiyo."

"Lazima wavu utoke."

"Najua, mama." Zeinab aligusa waya kwa kidole. "Asubuhi ile ya mwisho nilikuwa dirishani. Kulikuwa na ukungu. Nilimwona amechuchumaa hapa hapa, anafunga waya huu. Alipomaliza alikunja ncha ndani, akapitisha kidole kuhakikisha haitamchoma mtu. Ndipo akainua kichwa akaniona, akacheka. Basi kila nikitoka asubuhi nautazama. Ni kama bado yuko hapa, ndio kwanza amemaliza."

Ikra alitaka kumkumbatia mama yake, na alitaka gari lipone, na kwa muda ilionekana kama hawezi kupata yote mawili.

"Hooyo," alisema mwishowe, "kama Aabo angekuwa hapa, na gari linachemsha, angeufungua waya?"

Tabasamu dogo likamjia Zeinab, la kwanza tangu lori lile livute gari uani.

"Angeufungua kabla ya kunywa chai," alisema. "Leta plaisi ya baba yako."

Hakuukata. Alijaribu kuuzungusha polepole upande wa kuulegeza, ncha kwa ncha. Lakini waya ulikuwa umeshika kutu, na ulipofika fundo la pili, ukakatika. Zeinab aliviangalia vile vipande kiganjani. Machozi mawili yalimtoka, akayafuta kwa mtandio, akavitia vipande mfukoni na kuvuta wavu.

Nyuma ya wavu, chini, palikuwa na turubai.

Ilikuwa nyeusi, imekatwa sawasawa kwa kipimo cha rejeta, kingo zake zimekunjwa na kushonwa kwa uzi wa gunia ili zisichanike. Ilikaa pale vizuri sana hadi mtu akichungulia kwa nje angedhani gari lilitoka nayo kiwandani. Juu yake na pembeni, makapi ya ngano ya msimu uliopita yalikuwa yamejaa kama pamba ndani ya mto.

Fundi Kimutai alifika wakiwa bado wameishika. Aliichukua, akaigeuza, akatikisa kichwa.

"Aden na unadhifu wake," alisema. "Hii ni ya baridi. Madereva wa huku juu hufanya hivi, mwezi wa saba, wa nane. Asubuhi kuna ukungu, injini inakataa kupata joto, inakula mafuta bure. Basi unaziba rejeta kidogo. Wengine huweka boksi tu. Jua likitoka unaondoa." Alimrudishia Zeinab turubai. "Siku ile hakupata nafasi ya kuiondoa."

"Kwa hiyo gari halikuwa limeharibika," Zeinab alisema.

"Hapana, Mama Ikra. Limekuwa likipanda mlima wakati wa jua kali likiwa limevaa koti la Julai." Alimgeukia Ikra. "Na wewe umejuaje?"

Ikra alimwonyesha karatasi ya njugu na kumweleza ule mchezo. Kimutai alicheka, kicheko cha mtu aliyefurahi kweli.

"Jumatatu ningeitoa rejeta na kuiona hii turubai, lakini mama yako angelipia kazi ya siku nzima. Hiyo karatasi imefanya kazi yangu. Haya, tusiishie hapo. Hayo makapi nayo lazima yatoke."

Walifanya kazi mchana wote. Kimutai aliwaonyesha jinsi ya kuosha rejeta kwa maji ya sabuni na brashi laini, wakisukuma uchafu kutoka upande wa feni kuja mbele, kwa sababu ndiko ulikoingilia. Aliwaonya wasitumie maji ya nguvu, yangekunja mapezi membamba ya rejeta na hewa isipite tena. Kisha akaondoka, akisema kazi iliyobaki haihitaji fundi, inahitaji subira.

Linet alichota maji. Zeinab alikunja mikono ya gauni lake la dera na kuosha kama anaosha mtoto. Ikra alichomoa makapi yaliyokwama, punje kwa punje, kwa njiti ya ufagio. Mgongo ulimuuma na vidole vikakunyata kwa maji, lakini kila alipoinua macho aliona mwanga ukipenya kwenye rejeta, tundu moja baada ya jingine, na hakutaka kuacha.

"Kesho kama itapanda," Linet alisema akijinyoosha, "mwambie Oluoch alete kile kikombe chake."

Mwishowe wavu ulirudishwa. Zeinab alitoa waya mpya, akainama kufunga, kisha akasita. Akamkabidhi Ikra.

"Vidole vyako ni vyembamba kama vyake. Funga wewe."

Ikra alichuchumaa pale Aabo alipochuchumaa. Alipitisha waya, akauzungusha, akaukaza. Halafu akaikunja ncha ndani na kupitisha kidole juu yake. Haikuchoma.

Jumapili asubuhi Adeer Bilal alifika mapema, simu mkononi. Alizunguka gari kama mnunuzi. Alipofika mbele alisimama, akainama, akagusa waya.

"Nani amefunga huu?"

"Ni mimi, Adeer," alisema Ikra.

Adeer Bilal alipitisha kidole juu ya ncha iliyokunjwa, akakirudisha tena, kisha akafungua mlango na kupanda.

Mzigo wote ulikuwa nyuma: sukari, unga, katoni za sabuni. Ikra alikaa katikati kama zamani. Mji uliisha, mashamba makavu ya Januari yakaanza, na jua lilikuwa kali juu ya boneti. Walipofika mwanzo wa mlima, Zeinab alibadilisha gia, na wote watatu wakakikazia macho kile kipimo kidogo cha dashibodi, karibu na kofia ya Aabo. Mshale wa joto ulipanda hadi katikati. Ikra alishika pumzi. Walipita mahali mama yake alipokuwa akisimama kila siku, palipokuwa pamebaki alama ya maji yaliyomwagika kwenye changarawe. Mshale ulibaki katikati. Walipita lori la viazi lililokuwa likipanda kwa kujivuta. Dereva alikuwa yule yule wa Ijumaa, akapiga honi na kutoa mkono dirishani.

"Huyo amekutambua," Adeer Bilal alisema.

"Amelitambua gari," Zeinab alijibu, lakini shingo yake ilikuwa imenyooka.

Plateau walishusha mzigo duka kwa duka. Mama mmoja mwenye duka alitoka nje kabisa akifuta mikono. "Mama Ikra, leo umekuja asubuhi asubuhi hivi? Nilisikia mlio nikafikiri ni..." Hakumaliza. Zeinab alimshika mkono. "Ni gari lile lile," alimwambia.

Adeer Bilal alisogea pembeni na kupiga simu. Ikra alimsikia akisema, "Hapana, ndugu yangu. Usije. Gari liko kazini." Aliporudi, macho yake yalikuwa mekundu kidogo. Alimwekea Ikra mkono kichwani na kusema tu, "Binti ya Aden."

Madumu ya maji yalikuwa bado yamejaa. Hawakuwa wameongeza hata tone. Walikaa nyuma ya pikapu wakila mkate na kunywa chai ya chupa, na Zeinab akaitandaza turubai magotini. Alikuwa ameiosha ikang'aa.

"Ikra, nataka ukumbuke jambo hili ukiwa mkubwa," alisema. "Baba yako hakukosea kufunga hii. Ilikuwa baridi, na injini ilihitaji kufunikwa. Kosa lilikuwa langu. Nilidhani kumheshimu ni kuacha kila kitu kama alivyokiacha. Nikakataza watu wasiguse, mpaka kitu alichokipenda kikaanza kuungua. Yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kuacha. Kila asubuhi alikuwa akiangalia gari lake, anaondoa kinachozuia, anafunga kilicholegea. Wewe ulipochukua karatasi ile na kutazama kabla ya kukisia, ulimheshimu kuliko mimi niliyelinda waya. Mtu akituacha, tusilinde tu vitu vyake. Tufanye kazi yake jinsi alivyoifanya."

Ikra alitikisa kichwa kukubali.

Jumatatu asubuhi alitoka kwenda mferejini kwa mazoea, akayakuta madumu bado yamejaa nyuma ya pikapu. Aliacha moja tu kwenye gari, kwa tahadhari, na mengine akamwagia sukuma wiki za mama yake. Shuleni Oluoch alikuwa akimngoja langoni.

"Ikra, chai imeiva?"

"Maji yamekataa kuchemka," Ikra alimjibu akipita. "Itabidi unywe uji."

Hata Oluoch mwenyewe alicheka.

Turubai ilikunjwa vizuri na kuwekwa chini ya kiti cha dereva, pamoja na waya mpya na plaisi ya Aabo. Mwezi wa saba ukungu utarudi juu ya barabara ya Plateau, na injini itahitaji koti lake. Ikra ameshamwambia mama yake kwamba kazi hiyo ni yake: kulivika gari koti asubuhi, na jua likitoka, kulivua.